Tusekile Mwasomola na Nguo za Wanawake wa Ikombe

Ndugu waombolezaji, wachungaji wetu, wazee wa Ikolo na Ngonga, na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kuketi nasi tangu Jumanne, familia inaomba utulivu wenu ili yasomwe maisha ya mama, dada na bibi yetu, Tusekile Ambilikile Mwasomola, ambaye mwili wake uko mbele yetu, na ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Edwin, au kwa lile jina la gulioni, Mama Batiki.

Tusekile alizaliwa tarehe 14 Mei 1962 huko Ngonga, wakati huo eneo hili lote likiwa bado ndani ya Wilaya ya Rungwe, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Ambilikile Mwasomola na marehemu mama Lusungu, wakulima wa mpunga. Jina lake kwa Kinyakyusa maana yake ni tumefurahi, na alipewa na bibi yake mzaa baba kwa sababu alizaliwa siku maji ya mafuriko yalipoanza kutoka shambani, jambo lililowafanya wazee wabishane kwa miaka mingi kama yule bibi alimfurahia mtoto au aliufurahia mpunga, na mama Lusungu kila alipoulizwa alijibu, "Mpunga," na aliyecheka kwanza alikuwa Tusekile mwenyewe.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1970 katika Shule ya Msingi Ngonga, akamaliza darasa la saba mwaka 1976, na Januari 1977 akajiunga na chuo cha ufundi cha wasichana kilichokuwa chini ya kanisa, karibu na Tukuyu, ambako alisoma ushonaji na utarizi kwa miaka miwili na kupata cheti chake Desemba 1978. Chuoni walitarizi kwa kufuata michoro iliyokuwa imetoka mbali, waridi na bata, naye alitarizi waridi na bata kama alivyoelekezwa, lakini kila likizo, ngoma za mavuno zilipochezwa Ngonga, alikuwa akipenya mpaka mbele ya watu, si kucheza, bali kuchuchumaa karibu na miguu ya wachezaji na kutazama. Mama yake aliwahi kumvuta sikio mbele ya watu akamwambia, "Wenzako wanatazama nyuso, wewe unatazama magoti, una nini wewe mtoto?" Tusekile akajibu, "Nguo inachezea magotini, mama." Jibu hilo lilibaki likitaniwa katika ukoo, na ndugu walipomwona anakuja walikuwa wakificha magoti yao.

Mwaka 1979 alianza kazi ya cherehani kwenye baraza la duka moja mjini Kyela, akishona sare za wanafunzi, na aliifanya kazi hiyo kwa miaka kumi. Julai 1989 idara ya wanawake ya kanisa ilimpeleka Mbeya kwenye mafunzo ya batiki yaliyochukua wiki tatu, na huko alijifunza kuyeyusha nta, kuichora au kuigonga kwa muhuri juu ya kitambaa cheupe cha bafta, kukitumbukiza kitambaa kwenye rangi ili pale penye nta pasiingie rangi, na mwisho kukichemsha ili nta itoke na mchoro ubaki. Aliporudi aliuza cherehani yake, akanunua pipa, nta na rangi, akajenga kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo hakushona sare tena.

Kabla ya hapo, tarehe 6 Desemba 1986, alikuwa amefunga ndoa takatifu na Bwana Sylvester Mwakifuna wa Ikolo, fundi wa mashine za kukoboa mpunga, ambaye yuko nasi hapa, na Mungu akawajalia watoto watatu, Edwin aliyezaliwa mwaka 1988, Prisca aliyezaliwa mwaka 1991, na Kisa aliyezaliwa mwaka 1996, na kupitia hao wajukuu saba. Prisca ndiye aliyeirithi kazi ya mama yake, na tangu akiwa darasa la tano mikono yake imekuwa ya rangi mpaka kwenye viwiko.

Ndugu waombolezaji, wengi mmeziona batiki za marehemu kwenye makanisa, kwenye kumbi za harusi na kwenye migongo ya watu, lakini si wengi mnaojua zilikotoka. Tusekile alikuwa anasafiri. Mwaka 1994 alivuka Kasumulu kwenda Karonga, upande wa Malawi, kutazama ngoma za wanaume wanaopuliza vibuyu kama tarumbeta. Mwaka 1997 alipanda meli ya Ziwa Nyasa pale Itungi akashuka Mbamba Bay, ambako wanawake wanacheza ngoma ya kioda kwa mstari mmoja, na mwaka 2003 alifika Songea na Bagamoyo kwenye matamasha ya ngoma, na katika safari zote hizo hakuwahi kununua picha wala kubeba kamera. Alikuwa anavaa sketi nyeupe, anabeba kalamu ya wino, na jambo likimgusa machoni analichora palepale kwenye sketi, pembeni ya goti, ngoma ikiendelea, kwa sababu alisema karatasi inalowa kwenye boti lakini sketi unarudi nayo hata ukilowa. Mzee Sylvester alikuwa akimpokea kituoni kwa kumzungusha kwanza mbele ya abiria, akisoma sketi upande huu na upande ule, huku akiwaambia waliokuwapo, "Wake za wenzangu wakienda ngomani wanarudi na umbeya, wangu anarudi amechafuka."

Mabega ya wale wanawake wa Mbamba Bay yakawa pindo la mawimbi ambalo sasa linaonekana kwenye vitambaa vya madhabahu vya sharika tatu za hapa Kyela, na kamba za ngoma za kwetu Ngonga, jinsi zinavyovutwa kutoka ngozi ya juu hadi ya chini, zikawa batiki ya bluu ambayo maharusi wengi wa miaka ile walipigia nayo picha. Alifanya hivyo kwa miaka ishirini bila mtu kumuuliza neno, mpaka alipofika Ikombe.

Agosti 2009 alivuka kwa boti kutoka Matema kwenda Ikombe, kwa ndugu zetu Wakisi, kwenye sherehe ya kanisa la kule, na baada ya ngoma akawakuta wanawake wanachoma vyungu. Wanawake wa Ikombe hawachomi kila mtu peke yake, wanapanga vyungu vya wote pamoja, wanavifunika kwa nyasi na kuni, wanawasha moto mmoja, na vikipoa kila mmoja anachukua vyake. Tusekile aliona chini ya shingo ya chungu kimoja michirizo miwili iliyopinda, imeelekeana, na nukta katikati, akaipenda, akaichora kwenye sketi. Hakuuliza ni nini. Kwake lilikuwa pambo, na aliporudi nyumbani alilichonga kwenye mbao likawa muhuri.

Mwaka uliofuata kikundi cha ngoma cha Ngonga, kilichoongozwa na Bwana Godwin, kilimwagiza sare za mashindano ya ngoma yaliyofanyika Matema tarehe 21 Agosti 2010. Akawatengenezea mashati na kaptula za rangi ya udongo, na ule muhuri akaugonga kila mahali, mabegani, mgongoni na nyuma ya kaptula. Wanaume arobaini wa Ngonga wakaingia uwanjani kwa filimbi, wamepangana vizuri, na walipogeuka kuonyesha migongo, upande walikokuwa wameketi wanawake wa Ikombe kikatokea kicheko ambacho kiliwafanya wapiga ngoma wapoteze mapigo. Wakawa wanaita, "Rut! Rut! Simama uone wanao!" Na mwingine akadakia, "Arobaini! Uliwazaa lini hawa, na mbona hukutuambia tuje na uji?"

Lile halikuwa pambo. Ilikuwa alama ya Rut, mfinyanzi wa Ikombe, aliyoichagua yeye mwenyewe akiwa msichana, siku ya kwanza alipoweka chungu chake kwenye moto wa pamoja, kwa sababu pale kila mwanamke ana alama yake, na kwa alama hiyo anakijua chungu chake kwenye majivu, na kwa alama hiyo wanunuzi wanamtafuta kwenye gulio la Matema. Kwa watu wa Ikombe, wale wanaume arobaini walikuwa wameandikwa jina la mwanamke mmoja, mbele na nyuma. Rut hakucheka. Aliondoka uwanjani kabla ya matokeo, na jioni ile ujumbe wake ukafika Ikolo kwa mdomo wa mwenye boti, ukisema, "Mwambieni huyo aliyeandika jina langu kwenye makalio ya wanaume aje aniambie nilimkosea nini."

Baada ya siku chache Bwana Godwin naye akarudisha sare zote katika magunia mawili, akamwambia Tusekile, "Mama Edwin, ndaga fijo, asante sana kwa kazi, lakini sisi ni watu wazima, tuna wajukuu, na sasa hata gulioni Kyela tunaitwa watoto wa Rut." Tusekile alizipokea. Hakujitetea kwamba hakujua, ingawa ni kweli hakujua, na Prisca anakumbuka kwamba mama yake aliketi kibandani akiwa na ule muhuri mapajani, akiugeuza, kisha akasema, "Nimemvua mtu jina nikawavalisha watu wasiomjua."

Mwezi Septemba alikwenda Ikombe peke yake akiwa na ule muhuri. Rut aliupokea, akautazama, akasifu jinsi ulivyochongwa, kisha akauweka chini ya vyungu vilivyokuwa vinasubiri moto, na ukaungua pamoja na kuni. Baada ya hapo alimpa kigoda, akampa ugali na usipa, dagaa wa ziwani, akamwambia, "Kula. Umekuja mwenyewe, hukutuma mtu, kula." Tusekile alikaa pale wiki nzima, akafundishwa kusoma alama za wanawake wote, hii ya nani na ile ya nani, na siku moja Rut akamuuliza, "Na wewe yako ipi?" Akajibu, "Sina." Rut akacheka kwa mara ya kwanza, akawaita wenzake, "Njooni muone Mnyakyusa, ana za watu wote ila yake."

Kabla ya kuondoka Tusekile aliwaambia wanawake wale kwamba angependa siku moja awatengenezee nguo, si za kuwauzia gulioni, bali watakazomwagiza wenyewe. Hakuna aliyekataa na hakuna aliyekubali. Rut alimsindikiza mpaka kwenye boti na kumweleza bila kuzunguka, "Sisi hatuna neno nawe, lakini tukivaa nguo yako watu watasema tumeuza alama zetu, na wewe utabaki na mihuri yake nyumbani, na mihuri haizeeki." Kuanzia siku hiyo, ndugu zangu, kile alichokitaka Tusekile kilikuwa kimoja, na kila aliyeingia nyumba hii alikijua, kwamba wanawake wa Ikombe wamwamini kiasi cha kumwagiza.

Alibadilisha namna yake ya kufanya kazi. Aliendelea kusafiri kwenda kwenye ngoma na matamasha, lakini kitu alichokichora kwenye sketi hakukiuza mpaka arudi na kitambaa kulekule alikokitoa, akitandaze mbele ya watu wa pale, na wakisema sawa ndipo akiuze, na wakisema hapana aliwaachia. Mwaka 2013 wanawake wa kijiji kimoja karibu na Karonga walitazama batiki aliyowapelekea wakamwambia kwamba ule mchoro ni wa mambo ya wasichana na hautoki nje, naye akarudi nayo Ikolo akaitumbukiza kwenye rangi nyeusi mpaka mchoro ukapotea, na kwa miaka mingi kitambaa kile cheusi kilikuwa cha kufunikia pipa. Kazi ikawa ya polepole na mapato yakapungua, na wateja wa mjini walimwambia anajichelewesha. Mzee Sylvester, ambaye nauli zile zilikuwa zinatoka kwenye mashine yake ya kukoboa, hakumzuia hata mara moja.

Na kila Agosti alivuka kwenda Ikombe. Alikwenda kwenye sherehe yao, akaketi, akala, akacheza kidogo pale umri ulipomruhusu, akarudi bila kuchora chochote. Mzee Sylvester akimpokea hakuzungusha tena sketi, aliuliza neno moja tu, "Wameagiza?" Naye akajibu, "Bado." Ikawa ndiyo salamu ya nyumba hii, na majirani nao wakaichukua, mtu akipita njiani na mzigo wa ndizi anauliza, "Mama Edwin, wameagiza?" na kutoka kibandani inatoka sauti, "Bado, pita salama." Kwa miaka kumi na nne jibu halikubadilika.

Februari 2024 marehemu alianza kuvimba miguu na kupungukiwa hamu ya kula, na baada ya vipimo katika hospitali ya wilaya hapa Kyela alipewa rufaa kwenda Mbeya, ambako iligundulika kwamba figo zake zote mbili zilikuwa zimeathiriwa na shinikizo la damu la muda mrefu. Alianza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, akiishi kwa mwanawe Edwin kule Mbeya, na kurudi Ikolo mwisho wa wiki kila alipopata nguvu. Agosti ya mwaka huo, kwa mara ya kwanza, hakuvuka kwenda Ikombe.

Tarehe 12 Oktoba 2024, siku ya Jumamosi, Rut alifika hapa Ikolo na wanawake wenzake wawili, wamekuja kwa boti hadi Matema na kwa gari hadi hapa. Walimkuta marehemu ameketi kivulini amefunikwa shuka. Rut alimsalimu, akamtazama miguu, akamwambia, "Hukuja Agosti, tukasema labda Mnyakyusa amekasirika, kumbe unaumwa." Tusekile akasema, "Ningekasirika ningewaletea arobaini wengine." Walicheka, na baada ya kicheko Rut akasema kilichowaleta. Wafinyanzi wa Ikombe walikuwa thelathini na mmoja, sherehe yao kubwa ilipangwa kufanyika tarehe 28 Juni 2025, na walitaka nguo thelathini na moja, kila mwanamke avae nguo yenye alama yake mwenyewe. Walikuwa na sharti moja. Hawakutaka muhuri. Kila alama ichorwe kwa brashi na nta ya moto, kwa mkono, na mkono uwe wa Tusekile, ili asiwepo mtu wa kuigonga tena baadaye.

Waliokuwapo wanasema mgonjwa alimwita mume wake aliyekuwa ndani akitafuta soda za wageni, akamwambia kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani, "Baba Edwin! Wameagiza!"

Familia haitaficha kwamba tulijaribu kumzuia. Mikono yake ilikuwa imevimba, brashi ilikuwa inamponyoka, moshi wa nta ulikuwa unamkohoza, na daktari alikuwa amemtaka apumzike. Edwin alimwambia, "Mama, mwachie Prisca, mkono wa Prisca na wako nani atautofautisha?" Akajibu, "Wao hawatautofautisha. Lakini walisema mimi." Hivyo kitambaa kikawa kinasafiri naye, kinapanda basi kwenda Mbeya na kurudi, naye akawa anachora nyumbani kwa Edwin, jikoni, nta ikiwa kwenye sufuria ndogo juu ya jiko la mkaa, siku zile ambazo hakuwa hospitalini. Alama aliyoikosea hakuirekebisha, alianza kitambaa kingine, na vile alivyovikosea aliagiza viunguzwe mbele yake. Prisca alifanya kila kitu kingine, kukata, kukoroga rangi, kutumbukiza, kuanika, lakini brashi hakuigusa.

Alimaliza kuchora alama ya mwisho wiki ya pili ya Mei mwaka huu. Jumamosi tarehe 31 Mei, hapa nyumbani, nguo zote thelathini na moja ziliingia kwenye rangi ya mwisho, rangi ya udongo wa Ikombe, yeye akiwa ameketi kwenye kiti mlangoni pa kibanda akisema "bado" na "toa". Zikaanikwa. Ilibaki kazi moja tu, kuzichemsha ili nta itoke na nguo zilainike, na hiyo ilipangwa kufanyika katikati ya wiki.

Jumapili jioni marehemu alianza kushindwa kupumua, akakimbizwa hospitali ya wilaya Kyela, na pamoja na jitihada za madaktari na wauguzi hali yake iliendelea kudhoofika. Jumanne asubuhi alimuuliza Prisca, "Maji yamechemka?" Prisca akamwambia bado, naye mama akasema, "Usiyaharakishe." Tusekile Ambilikile Mwasomola alifariki dunia siku hiyo, tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na ndugu wawili.

Kwa desturi ya ukoo huu, msiba ukiwa umekaa hakuna moto wa kazi unaowashwa nyumbani, moto ni wa chakula cha waombolezaji pekee, kwa hiyo zile nguo hazikuchemshwa. Edwin alimpigia simu Rut kumpa taarifa ya msiba na kumwomba radhi kwamba nguo zao zitachelewa, kwamba Prisca atazimaliza baada ya matanga na kuzipeleka kabla ya sherehe. Rut alilia kwanza, kisha akauliza ziko wapi. Akaambiwa ziko kibandani, zimekunjwa, lakini si za kuvaliwa, ni ngumu kama magome na zinanuka nta. Akasema, "Mwanangu, nani alikwambia tunataka laini? Tuleteeni Matema Ijumaa asubuhi. Tutavaa siku ya kumzika, na kuchemsha tutachemsha kwetu." Kulikuwa na mjadala katika familia, wapo walioona ni kumdhalilisha marehemu kutoa kazi yake ikiwa haijakamilika, kwa mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kukabidhi nguo yenye nta. Mzee Sylvester alisikiliza pande zote, akasema, "Zimeagizwa na wenyewe. Wapeni wenyewe." Asubuhi ya leo, Ijumaa tarehe 6 Juni, Prisca alizipeleka Matema.

Kwa niaba ya familia za Mwasomola na Mwakifuna, tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya Kyela na wale wa kitengo cha figo kule Mbeya, ambao walimzoea mgonjwa mwenye wino kwenye shuka na hawakumgombeza. Tunamshukuru mchungaji na wazee wa usharika waliomletea Meza ya Bwana kitandani. Tunawashukuru majirani wa Ikolo kwa kuni, maji, ndizi na mchele, na kwa kulala nasi nje siku hizi zote, tunawashukuru mafundi cherehani wa Kyela mjini waliofunga vibanda vyao leo, na kikundi cha ngoma cha Ngonga na Bwana Godwin wao, waliochimba kaburi.

Wa mwisho ni wanawake wa Ikombe. Mmewaona wakiingia, thelathini na mmoja, na mmeona kwamba hakuna wawili waliovaa alama moja. Ile sauti mnayoisikia wakiinuka na wakipiga magoti, kama mtu anakanyaga majani makavu ya mgomba, ni nta inayokatika ndani ya nguo. Kina mama wa familia waliona jinsi nguo zinavyowakwaruza shingoni, wakawapelekea kanga za kujistiri mpaka mazishi yaishe. Rut alizipokea kwa heshima, akazikunja, akazirudisha, akasema, "Ndaga fijo, lakini hizi ndizo zetu. Tutazizoea."

Tusekile, mke, mama, dada na bibi yetu, Bwana akupokee, upumzike katika amani yake. Amina.